Feni, mfuniko na mkunga: uchambuzi wa kisa cha tangi moja la bahari nyumbani

Kisa hiki kinaandikwa kwa ruhusa ya mwenye tangi. Jina, mtaa na mji nimeviacha. Itoshe kujua ni pwani ya Kenya, ghorofa ya tatu, sebule inayopigwa na jua kuanzia adhuhuri. Mimi huitwa na watu wanaofuga samaki wa bahari majumbani mambo yanapoharibika. Safari hii niliitwa saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Usuli

Mwenye tangi ni kijana wa miaka thelathini na kitu. Anaishi na mkewe, mama yake na mdogo wake. Tangi lake lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Kwa hesabu ya kioo ni lita 300, ila ukitoa mawe na nafasi ya juu hubaki kama lita 260. Siku mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, anaingia lilikuwa na umri wa miezi 14, kwa hiyo bakteria wanaogeuza amonia (sumu itokayo kwenye kinyesi na mabaki ya chakula) kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati walikuwa wameshatulia. Ndani mlikuwa na kitatange mmoja, kangaja mdogo, samaki wanne wadogo wa buluu, kamba wawili wa rangi na kaa sita wa kula mwani.

Maji aliyachota baharini mwenyewe, bahari ikiwa imejaa, mbali na mlango wa mto, na wiki za masika hachoti kabisa kwa sababu mvua hupunguza chumvi na kuleta uchafu. Hilo alilifanya vizuri kuliko wengi ninaowafahamu.

Mkunga alimpata kwa mzee mmoja mvuvi wa dema, ule mtego wa kusukwa. Mikunga huingia dema kufuata samaki walionasa, na wavuvi wengi humpiga rungu kabla ya kumtoa, maana akikuuma umeumwa. Mzee huyu alimtia kwenye ndoo akamtumia kijana habari: "Mwanangu, huyu si wa mchuzi, huyu ni wa kutazama." Nilimuuliza dema ilitegwa wapi. Kwenye hifadhi za bahari, kama Malindi na Watamu zilizotangazwa 1968 na ya Mombasa iliyotangazwa 1986, hairuhusiwi kutoa chochote, na nje ya hifadhi anayevua samaki wa mapambo kwa biashara anatakiwa awe na leseni. Dema ilikuwa nje ya hifadhi. Mkunga alinunuliwa kwa bei ya kitoweo.

Alikuwa na urefu wa shubiri mbili, unene wa kidole gumba na nusu, mwili mweupe wenye mabaka meusi na vitone vya manjano ndani ya mabaka. Kitaalamu ni *Echidna nebulosa*. Hapo kijana alibahatika bila kujua. Huyu ni katika mikunga wadogo, mwisho wake mita moja, na meno yake ni butu, ya kuvunjia kaa. Mikunga wengine wa mwamba huohuo wana meno kama sindano na hufika mita tatu.

Habari zilipoenea kwenye ngazi kwamba nyumba ya tatu kuna mkunga, jirani wa chini alipanda kuuliza nani amejifungua. Mama mtu anaisimulia hadithi hiyo mpaka leo.

Wiki tatu za mwanzo

Mkunga alimiminwa tangini siku hiyohiyo, bila kutengwa kwanza. Akaingia chini ya jiwe akapotea. Siku ya pili hakutoka, siku ya tano vilevile. Kijana akaanza kuingiwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sura mbili: kwamba mkunga atakufa kwa njaa, na kwamba mkunga mwenye njaa atauma mtu. Kwa hiyo kila jioni alidondosha dagaa watano au sita na kuwaacha. Baada ya wiki amonia, ambayo haikuwa imeonekana kwa zaidi ya mwaka, ilisoma 0.5 kwenye kipimo cha matone.

Kumbe mkunga alikuwa anakula. Siku ya kumi na moja mke alisogeza jiwe dogo kusafisha kioo, akakuta magamba ya kaa, miguu imeng'olewa. Kamba wa rangi hawakuonekana tena. Kaa walibaki wawili. Ni chakula chake hasa hicho: ukimweka mkunga huyu pamoja na kaa na kamba, umempangia menyu ya wiki ya kwanza.

Chakula cha kwanza cha mkononi nilikishuhudia. Tulichoma kipande cha kamba kwenye kijiti cha mishkaki, taa ya tangi ikazimwa, ikabaki ya jikoni. Ikapita kama dakika nzima. Kisha zikachomoza pua zake, vijibomba viwili vya manjano mbele ya uso, vikipapasa maji kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kichwa kikafuata. Alipita kando ya kipande, akakikosa, akauma kijiti, akakiachia, akarudi nyuma kidogo. Macho yake ni dhaifu. Anachokifuata ni harufu. Mara ya tatu alikipata, na kilitoweka kwa kasi isiyolingana na uzembe wote ule wa mwanzo. Sababu inajulikana: mwaka 2007 Rita Mehta na Peter Wainwright walionyesha kwamba mkunga ana taya za pili kooni, ambazo huruka mbele, hushika windo na kulivuta ndani. Mdogo mtu alipolisikia hilo alihama kochi la karibu na tangi.

Kitu kingine kilichowatisha ni ule mdomo unaofunguka na kufunga muda wote. Ukimtazama utadhani anatafuta ugomvi. Anapumua tu. Matundu ya matamvua yake ni madogo, hivyo lazima ayasukume maji kwa kinywa. Shikeni jambo hili, linarudi.

Kaskazi

Januari joto lilikolea. Maji yalifika nyuzi 31 alasiri. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na samaki wa buluu walianza kukaa juu karibu na pampu. Kijana akaondoa mifuniko ya kioo, akafunga feni ipulize uso wa maji. Ndani ya siku mbili joto likashuka hadi 28. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa. Feni hupoza kwa kukausha maji, na maji hayawezi kukauka chini ya kioo.

Alijua kwamba mikunga hutoroka. Kwa hiyo akatandaza kipande cha chandarua juu na kukibana kwa vibanio vya nguo. Nyuma, pale mabomba ya pampu yanapopita, chandarua hakikukaa vizuri. Palibaki mwanya wa vidole vitatu.

Katika wiki hizohizo alikuwa amenunua glovu ndefu za fundi wa kuchomelea, za kuingizia mkono tangini.

Jioni ya siku yenyewe mama alipita mbele ya tangi akasema, "Leo huyu anahema sana." Kijana aliangalia, akaona mkunga ametoa kichwa kama kawaida, akaenda kulala. Saa saba usiku stima zikapotea. Mdogo mtu aliamka kutafuta tochi, akammulika mkunga akiwa bado ndani, karibu na uso wa maji. Feni imesimama, pampu imesimama. Stima zilirudi saa kumi.

Saa kumi na moja mama alitoka kwenda kutawadha, akakanyaga kitu cha baridi mlangoni mwa jikoni. Alipiga kelele ya nyoka. Mdogo mtu akaja na mpini wa ufagio. Taa ilipowaka mama akaona vile vitone vya manjano, akauzuia mpini kwa mkono: "Mwacheni, huyo ni wetu."

Maamuzi ya alfajiri ile

Kijana alilowesha kikoi kwa maji ya tangi, akamfunika mkunga, akamwinua na kumtia kwenye ndoo ya lita 20 yenye maji hayohayo. Kisha ndipo akanipigia. Nimefurahia mpangilio huo. Angenipigia kwanza, dakika tano za maelezo zingepita mkunga yuko sakafuni.

Alikuwa amepakwa vumbi, nyuzi za zulia na nywele, vyote vimenata kwenye ute. Mke alitaka kumsuuza bombani. Nilikataa. Maji ya bomba hayana chumvi na yana klorini, na ule ute ndio ngozi yake ya nje. Hana magamba ya kumkinga. Nikasema wasimsugue wala wasimguse. Ute utabanduka wenyewe na taka zake, na kweli baada ya saa moja ulianza kuelea kwenye ndoo kama kamasi ya bamia.

Jiwe la hewa likawekwa, ndoo ikafunikwa kwa sahani na jiwe juu yake, ikawekwa gizani. Matamvua yalikuwa yanacheza, polepole lakini bila kukatika.

Rafiki mmoja alimshauri kwa simu atie dawa ya shaba tangini kuzuia maambukizi. Hiyo nayo niliikataa. Samaki asiye na magamba huumizwa na shaba kwa kiwango ambacho wengine hukivumilia, na shaba ikishaingia kwenye mawe haitoki kwa urahisi, nayo ni sumu kwa kaa na kamba. (Kaa wawili walikuwa wamenusurika mkunga, sikutaka wafe kwa dawa yake.) Badala ya dawa tuliamua maji safi: kubadilisha lita 40 kila siku ya nne.

Baada ya saa tatu tulilaza bomba la plastiki ndani ya ndoo. Aliingia mwenyewe, kwa kuwa mkunga akiona tundu haulizi. Tukaziba ncha mbili kwa viganja, tukamhamisha. Wavu wa kuvulia hatukuutumia, maana hujisokota ndani yake na kuacha ute wote hapo.

Mfuniko unaopumua

Huku ndiko tulikotumia muda mwingi. Vitabu na washauri wengi wa ufugaji huu wako nchi za baridi, na neno lao ni moja: funga tangi kabisa. Kule ni rahisi, kwa kuwa kazi yao ni kupasha maji. Kwetu, Januari, tangi lililofungwa kwa kioo ni sufuria. Ukifunga unampika, na ukifungua anatoka. Kijana alikuwa amechagua kati ya hatari mbili za kweli. Kosa lake lilikuwa kudhani lazima achague.

Fundi wa madirisha alitutengenezea fremu ya alumini, akaifunga wavu mgumu wa plastiki wa mabanda ya kuku, matundu ya sentimita moja. Fremu ina vitasa viwili mbele. Nyuma tulikata vipande vya plastiki vinavyokumbatia kila bomba, na mianya iliyobaki tukaijaza sponji. Kipimo changu ni kichwa: kisipite kichwa, basi mwili haupiti. Feni ikafungwa juu ya wavu. Joto lilipanda nusu nyuzi tu ukilinganisha na tangi lililo wazi, likatulia 28.5. Tuliongeza pampu ndogo ya hewa ya betri inayowaka yenyewe stima zikikatika.

Feni ilileta tatizo jingine. Tangi lilikuwa linakauka lita nne kwa siku, na kijana akawa anajaza kwa maji ya bahari, kwa imani kwamba tangi ni la bahari. Chumvi haikauki. Kila lita nne alizotia zilikuja na chumvi yake juu ya ile iliyobaki. Ndani ya siku tisa haidromita, kipimo cha chumvi, ilitoka 1.025 ikafika 1.029. Kilichokauka ni maji matupu, na kinachorudishwa kiwe maji matupu, yaliyotolewa klorini. Maji ya bahari ni ya kubadilishia. Tuliishusha chumvi kidogokidogo kwa siku sita.

Matokeo

Baka jeupe la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini lilitokea karibu na mkia, likapona kwa wiki tatu. Hakula siku tisa, na safari hii hakuna aliyedondosha dagaa. Siku ya kumi alichukua kipande cha kaa.

Ulaji umebadilika: mara mbili kwa wiki, kipande kisichozidi unene wa kichwa chake, na kisicholiwa kinatolewa baada ya dakika kumi. Nitrati iliyokuwa 80 ilifika 30 katika miezi miwili. Dagaa wameacha kuwa chakula cha kila siku. Dagaa na kamba wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na kuwagandisha hakukiui. Mnyama anayekula hao tu kwa miezi hudhoofika huku tumbo limejaa. Sasa anapata kaa, vipande vya samaki weupe, na kamba mara mojamoja.

Samaki mmoja wa buluu alipotea mwezi wa tano. Kitatange na kangaja wapo. Mkunga, mwaka mmoja baadaye, ana sentimita 60.

Uchambuzi

Nikimsikiliza kijana akisimulia, nasikia mtu aliyejiandaa kwa hatari isiyokuwepo. Glovu za kuchomelea, kulisha kila siku ili asiwe na njaa, kumkataza mtoto wa jirani asisogee kioo: vyote ni maandalizi dhidi ya meno. Meno hayakumgusa mtu hata mara moja. Kumlisha kupita kiasi kulichafua maji, maji machafu na ya moto yakapungukiwa na oksijeni, stima zikakatika, na njia ya kutokea ikawa wazi. Glovu ziko juu ya kabati hadi leo, na ni sawa zikae hapo, kwa kuwa glovu nene huua hisia za vidole na kufanya mkono ukurupuke. Kijiti kirefu kinatosha.

Kutoroka kwenyewe hakukuwa ukorofi wa mnyama. Mkunga wa aina hii huishi hadi kwenye vidimbwi vya mwamba maji yakitoka, na kaa anayewindwa naye hukimbilia juu ya jiwe. Mwaka 2021 Rita Mehta na Kyle Donohoe walichapisha matokeo ya kuwafundisha mikunga wa aina hiihii kupanda ngazi ya mteremko na kula nje ya maji. Walimeza palepale bila kurudi majini, kwa zile taya za kooni. Wawindaji wa pweza wanaotembea mwambani siku za bamvua wangewaambia habari hiyo bila ngazi. Kwake yeye ukingo wa tangi ni jiwe tu la kuvuka, na maji yakikosa hewa, kuvuka ndiyo akili.

Kosa lililoniuma zaidi ni dogo. Mama alisema anahema sana. Hana haidromita, hajui nitrati ni nini, ila alikuwa amemtazama mnyama yule kila siku kwa wiki kumi akisubiri chai ichemke, na aliona kinywa kinakwenda mbio. Kwa mkunga, hicho ndicho kipimo cha oksijeni cha bei rahisi kuliko vyote. Siku hizi kijana anahesabu: mara ngapi kinywa kinafunguka kwa dakika moja, asubuhi na jioni, na anaandika kwenye kalenda ya jikoni. Idadi ikipanda anaangalia pampu kwanza, kisha joto, kisha amonia.

Kilichomwokoa ni kasi, kikoi kibichi na kutotia dawa. Unyevu wa ute ulimpa muda ambao kitatange asingeupata. Lakini nisimpambe kijana kupita kiasi: asingekanyagwa, asubuhi tungemkuta amekauka nyuma ya friji.

Kutomtenga mwanzoni hakukuleta madhara, na bado ninalihesabu kosa. Angekaa wiki tatu kwenye tangi la pembeni lenye bomba la kujificha na mfuniko wa kweli, angejifunza kula kijitini bila kumaliza kaa, na mwanya wa nyuma ungegunduliwa kwenye tangi la bei ndogo.

Mwezi uliopita mzee wa dema alipiga simu tena. "Mwanangu, nimekupatia mwenzake." Tulikwenda pamoja ufukweni. Ndani ya ndoo alikuwepo mkunga wa urefu wa mkono, manjano hafifu, amejaa madoa meusi mithili ya chui. *Gymnothorax favagineus*: mmoja wa wale wa mita tatu. Kijana alimtazama muda mrefu, akaniuliza tangi lake lina urefu gani, ilhali anajua. Nikamjibu: sentimita mia na ishirini. Akamlipa mzee bei ya kitoweo, wakapanda ngalawa, wakaenda hadi pale dema ilipokuwa imetegwa, na mzee akainamisha ndoo.